Lundo la Mwamu Lililopinda Reli

Ukifika Msambweni ukaulizia nyumba za mawe zilizosimama wima bila ufa, utaonyeshwa zangu. Sijigambi. Aliye na shaka na aje azigonge kwa ngumi, kisha atafute dawa ya mkono. Nilianza maisha na kata ya nguo kichwani, ya kubebea mizigo. Wazungu walipoanza kujijengea nyumba za kupumzikia kule Diani, mimi nilikuwa miongoni mwa vijana waliowabebea matumbawe kutoka shimoni hadi ufuoni, na nywele za utosi wangu hazijarudi tangu siku hizo. Shuleni nilikaa muda wa kujifunza kuandika jina langu. Nilipoliweza nikaondoka, na jina hilohilo ndilo nililotia chini ya mikataba yangu yote. Hakuna mkataba hata mmoja ulionirudia kwa sababu herufi zilikuwa mbaya.

Hata hivyo, kuna kitu kimoja hapa mjini ambacho si kazi yangu, na kila nikipita mbele yake nageuza uso. Ni lundo la kokoto. Ni la mwamu wangu.

Mwamu wangu ni mume wa dada yangu mdogo. Babake alimwachia minazi, ami yake akamlipia shule, na yeye mwenyewe akajinunulia saa ya mkononi. Alipooa kwetu, mamangu alianza kumwita mwanangu, neno ambalo mimi nilikuwa nimelizoea kama kitanda changu. Wivu nilikuwa nao, nauandika hapa waziwazi, kwa sababu ulikuwa wivu wa haki. Mtu aliyebeba mawe kwa kichwa ana haki ya kumwonea wivu mtu aliyeyabeba kwa kalamu.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Mizigo ya mjini ilikuwa ikija kwa mashua: saruji, mabati, unga, mafuta ya taa. Kutoka ufuoni kila kitu kilipanda kwa vichwa vya watu na migongo ya punda, kwenye mchanga unaomeza mguu hadi kifundo. Serikali ikaamua kujenga reli ndogo ya toroli kutoka ufuoni hadi sokoni, vyuma viwili vyembamba juu ya mataruma ya mbao, na magari ya kusukumwa na watu. Wako vijana siku hizi wanaobisha kwamba Msambweni haikuwahi kuwa na reli. Wabishe. Mimi niliijenga, au niseme niliijenga ile sehemu yake iliyonyooka.

Siku ya baraza, mkuu wa wilaya alishuka kutoka Kwale akatueleza habari ya fedha. Fedha inatoka serikalini, akasema, na fedha ya serikali ni kodi zenu wenyewe, kwa hiyo italindwa. Itakuja kwa mafungu. Fungu la kwanza litatumika, litakaguliwa, ndipo la pili lifunguliwe. Gharama ikizidi, hakuna atakayeongeza hata senti moja. Reli itaishia pale fedha itakapoishia, hata kama ni katikati ya shamba la mtu. Watu walicheka. Mkuu wa wilaya hakucheka, na hapo mimi nikajua kwamba huyu mtu anasema kweli.

Njia iligawanywa vipande vitatu. Cha kwanza, kutoka ufuoni hadi msikitini, nilipewa mimi. Cha pili, kutoka msikitini hadi njia panda inayokwenda Kikoneni, kilipewa mwamu wangu. Cha tatu, kutoka njia panda hadi sokoni, hakikupewa mtu. Kingepewa yule kati yetu sisi wawili ambaye kazi yake ingefungwa ndani ya gharama aliyoikubali.

Kipande hicho cha tatu nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sababu yake haikuwa fedha. Nyumba ya mamangu ilitazamana na soko. Alikuwa akiuza samaki wa kukaanga barazani kwake, na mguu wake mmoja ulikuwa na matende, mzito kama gogo. Kila asubuhi alishuka ufuoni kununua samaki, na kila asubuhi alipanda na kapu lake akipumzika kwenye kila kizingiti cha watu. Niliapa mbele ya jirani zake kwamba nitaileta reli mlangoni pake, akae juu ya toroli kama bibi wa jumba, na wanaosukuma wawe watu wangu.

Nilipomweleza mama, alikuwa akikwangua magamba. Akasema, "Yeyote kati yenu atakayeileta, mimi nitapanda."

"Yeyote vipi, mama? Mmoja ni mwanao na mwingine ni mkweo."

"Mguu wangu haujui tofauti," akasema, akanirushia maji ya samaki karibu na viatu.

Kazi ikaanza. Mkaguzi wa gharama aliyeletwa na serikali alikuwa Mzungu mrefu mwembamba, aliyeshika Kiswahili chake huko bara, na alikuwa akihesabu kila kitu. Alihesabu mataruma, alihesabu misumari, nadhani na mbuzi waliopita njiani aliwahesabu. Lakini kilichomnyima raha hasa kilikuwa kokoto, kwa kuwa kokoto haihesabiki. Wanawake walivunja mawe kwa nyundo wakayamwaga, na kontrakta akadai malipo kwa wingi wa lundo. Wingi huo alitaka kuupima mwenyewe.

Kulikuwa na njia mbili za kupima. Ya kwanza ilikuwa sanduku la mbao lisilo na chini wala juu: unaliweka chini, unalijaza, unalinyanyua, na kinachobaki ni kipimo kamili chenye pembe nne. Ya pili ilikuwa kumwaga kokoto kwa urefu, kama tuta la viazi, na mkaguzi akapita na utepe wake. Lundo likishapimwa alilipaka chokaa nyeupe juu kote, ili kontrakta asije akalichota na kuliuza mara ya pili kama lundo jipya. Mchezo huo ulikuwa ukifanywa na makontrakta wa sehemu nyingine, walioshindwa kuishi kwa jasho lao. Na chokaa ikishapakwa, hakuna kugusa. Lazima mkaguzi aende Mombasa, arudi na mwenzake wa ofisini, naye aone kwa macho yake. Hapo fungu la fedha linafunguliwa na kokoto inatandazwa chini ya reli.

Mimi nilichagua sanduku. Kokoto yangu niliipanga kando ya njia, sanduku juu ya sanduku, pembe zimenyooka, ukiweka bilauri juu maji hayamwagiki. Mkaguzi alisimama akaitazama kama mtu anayetazama picha.

"Hii mzuri," akasema. "Hii mzuri sana, kontrakta."

Mwamu wangu alichagua utepe. Tena hakuweka kando. Lundo lake la mwisho alilimwaga njia panda, chini ya mkwaju, katikati kabisa ya mahali patakapopita reli.

"Mwamu," nikamwambia, "umemwaga mawe njiani."

"Nimeyamwaga yanapokwenda kukaa, mwamu. Kwa nini nilipe watu kuyabeba mara mbili? Wewe ndiye uliyezoea kubeba."

Wanawake wa nyundo waliinamisha vichwa ili wacheke vizuri.

"Kubeba ndiko kulikonilisha," nikasema.

"Ndiyo maana utosi unang'aa," akasema, akatazama saa yake kana kwamba neno lile limeandikwa humo.

Kusema kweli ilikuwa busara, na busara yake ndiyo iliyoniuma. Alikuwa ameokoa ujira wa siku nyingi. Nilipiga hesabu yangu kichwani, sihitaji karatasi, nikaona kwamba akiendelea hivyo atafunga chini ya gharama kunipita. Usiku huo sikula vizuri. Dada yangu alipokuja kututazama kesho yake aliniona nikipima kivuli cha mlingoti uani nijue kama adhuhuri imefika, akasema, "Kaka, mume wangu ana saa, wewe una kivuli. Na siku ya mvua je?"

Mvua ikaja kweli. Mkaguzi alikuwa ameshapaka malundo yote chokaa akaenda zake Mombasa kuleta mwenzake. Barabara ya kwenda kivukoni ikakatika, na wiki zikapita tusimwone. Chokaa ilinywa maji, ikakauka, ikashika mawe yakawa kama kitu kilichopigwa lipu. Mwamu wangu, ili watu wa baiskeli wasiligonge lundo lake, alichomeka kijiti upande mmoja na kukifunga kitambaa cheupe.

Sasa litazame lundo lile kama mtu asiyejua. Refu kuliko mtu, jembamba, limeinuka kidogo katikati. Limelala vilevile tunavyowalaza maiti wetu. Jeupe tupu, chini ya mti mkubwa, na bendera nyeupe kichwani. Sisi wenyeji tulijua ni kokoto. Lakini siku ya soko walishuka watu wa Kikoneni na vikapu vya mihogo na kuku, na mwanamke mmoja aliposimama kivulini kupumzika aliliona. Akavua viatu. Akasoma Fatiha. Akampa salamu aliyelala pale, akamwomba radhi kwa kupita na kuku.

Soko lililofuata alirudi na ubani, kwa sababu ng'ombe wake aliyekuwa hali alikuwa amekula. Akaja na jirani zake. Mmoja alimwaga marashi. Mwingine alitandaza kitambaa cha kijani juu ya chokaa, akakizuia kwa mawe pembeni ili upepo usikichukue. Nilisikia kwa masikio yangu mtu akimweleza mgeni kwamba hapa amelala sharifu aliyekuja zamani, na kwamba reli ya serikali ilipofika hapa ilisimama yenyewe, ikakataa kwenda mbele.

Imamu wa msikiti wetu alilisema jambo hilo Ijumaa. Akasema hapana mtu aliyezikwa pale, yale ni mawe ya kontrakta fulani, na kuomba kwenye mawe ni dhambi, watu wamwogope Mungu. Watu waliitikia kwa heshima. Kisha waliotoka msikitini kuelekea njia panda walipita upande wa pili wa mkwaju, wasionekane, wakaweka ubani wao kwa nyuma.

Mimi nilikuwa na mambo mawili moyoni, na yote mawili yalikuwa wivu. La kwanza: lundo langu lilikuwa na nini? Lilikuwa kubwa zaidi, limepangwa na mtu anayejua kazi, limepakwa chokaa ileile na brashi ileile, na waliolizuru walikuwa mbuzi. Walipanda juu wakalala. Nilipita nikawafukuza, nikageuka, wakapanda tena. La pili lilikuwa la raha. Niliona kwamba mwamu wangu amejifunga mwenyewe. Kokoto yake haitagusika. Akitaka kumaliza atanunua nyingine, na akinunua nyingine gharama itapita. Nikaanza kuwasalimu watu wa Kikoneni kwa uchangamfu sana.

Mvua zilipokwisha mkaguzi alirudi na mwenzake, mfupi, mwenye miwani. Walianza ufuoni. Malundo yangu yalipita yote bila neno. Fungu la fedha likafunguliwa, nikatandaza kokoto, nikalaza mataruma, nikagonga vyuma, na kipande changu kikanyooka kama uzi uliovutwa. Nilifunga ndani ya gharama, na kidogo kikabaki. Mwamu wangu naye alitandaza malundo yake ya katikati, reli ikapanda kutoka msikitini hadi hatua chache kutoka mkwajuni. Hapo ikasimama, kama watu walivyokuwa wameshasema kwamba ilisimama.

Mkaguzi aliwaita makontrakta wote wawili njia panda. Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wengi, wengine wamekaa mkekani kando ya lundo, moshi wa ubani unapanda.

"Hii nini?" akauliza. "Nani naweka nguo hapa? Hii mawe ya serikali."

Mwamu wangu alimweleza kwa Kiingereza, maneno mengi, mikono inakwenda. Mkaguzi akasikiliza, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema na mwenzake. Kisha akatugeukia sote wawili, na kwa Kiswahili, ili nami nifahamu, akaeleza hali ilivyo. Fedha iliyobaki inatosha jambo moja. Ama lundo liondolewe leo, reli ipite moja kwa moja, na kipande cha tatu kijengwe hadi sokoni. Na kwa kuwa mimi nilifunga vizuri na mwenzangu amechelewa, kipande hicho ni changu. Ama reli ipinde kuzunguka mkwaju, ikate minazi ya shamba la jirani, serikali ilipe fidia ya minazi na mataruma ya kuongeza, na hapo fedha itakuwa imekwisha, na reli itaishia hapahapa.

"Nyinyi naweza ondoa?" akauliza.

Mwamu wangu akajibu kwanza. "Watu wangu wamekataa, Bwana. Hata mimi mwenyewe siwezi. Nina wazee nyumbani."

Mzungu akanitazama mimi.

Nataka msomaji aelewe nilivyosimama pale. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimemshinda mwenye saa, mwenye minazi, mwenye Kiingereza, mbele ya soko zima, na nilichobakiwa nacho ni kusogeza mawe, kazi niliyozaliwa nayo. Nikawaambia watu wangu wachukue makarai. Wakayatazama makarai. Mmoja, mtu aliyebeba mawe na mimi tangu Diani, akaliweka lake chini polepole.

"Tajiri, mimi nina mke mja mzito," akasema. "Nitume kazi nyingine yoyote."

"Ni kokoto," nikasema. "Umeona zikivunjwa. Mkeo mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliozivunja."

"Ndiyo, tajiri. Lakini sasa zimeshasomewa."

Basi nikachukua sepetu mwenyewe. Nilikunja mikono ya kanzu, watu wakafungua njia, nikasikia mtu akisema huyu ana moyo, na nilipenda kusikia hivyo. Nikazunguka mkwaju kwenda upande ulio rahisi kuanza.

Upande huo alikuwa amekaa mamangu.

Alikuwa juu ya kipande cha gunia, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, chetezo kidogo mkononi, na leso yake bora, ile ya Idi, ameitandaza juu ya lundo la mwamu wangu. Wanawake wenzake wa sokoni walikuwa wamemzunguka.

"Mama," nikasema, "unafanya nini hapa?"

"Nakuombea."

"Hapa?"

"Niliweka nadhiri," akasema. Hakupunguza sauti hata kidogo. "Nilisema mwanangu akipata kipande cha tatu, nitaleta leso yangu ya Idi. Nimesikia mkaguzi akisema umepata. Nimeleta."

"Mama, haya ni mawe. Mwamu aliyamwaga hapa kwa mkokoteni."

"Najua. Nilimwona akiyamwaga, nikamwambia anaziba njia." Akaupulizia ubani. "Lakini nimeshaweka nadhiri mbele ya hawa wote. Nimeomba upate, umepata, na cha kwanza unachokuja kufanya ni kuvunja mahali nilipoombea. Mimi nitawatazama vipi?"

Wanawake walinitazama. Hawakuwa na hasira. Walikuwa wakingoja kuona mtoto huyu amelelewaje.

Nikachuchumaa karibu naye, nikasema kwa sauti ya chini, na swali nililouliza silo nililolikusudia. "Kama ni kuomba, kwa nini hukuombea kwenye lundo langu?"

"Lile lako la pembe nne?" Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Baba, lile lilikuwa kama la mtu anayetaka kujenga choo."

Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa leso. Mwingine hakuwahi kuziba.

"Lundo langu ndilo lililopita kwa mkaguzi bila neno," nikasema.

"Hongera," akasema mamangu. "Sasa vunja, kama unavunja. Nishike mkono kwanza niinuke, mguu umekufa ganzi."

Nilimshika mkono. Alikuwa mzito, na alipokuwa akiinuka alijishikilia begani pangu, na nikaona kwamba akishasimama sitakuwa na sababu nyingine ya kungoja. Nilikuwa na sepetu mkono mmoja na mama mkono wa pili. Kipande cha tatu kilikuwa kwa ajili yake. Kama ningelivunja lundo, reli ingefika mlangoni pake, na yeye angekaa ndani asitoke, kwa aibu ya wanawake hawa, na toroli ingepita tupu. Sikuwaza mengi zaidi ya hayo. Nikamketisha tena juu ya gunia lake, nikaichomeka sepetu mchangani, nikarudi kwa mkaguzi.

"Siwezi, Bwana," nikasema.

Mwamu wangu alishusha pumzi. Nilitaka kuirudia ile sepetu nimtupie.

Mkaguzi hakukasirika. Aliandika, akapiga mstari, akasema, "Basi napinda." Na ikawa hivyo. Waliikata minazi, wakalipa fidia, wakaleta mataruma ya kuongeza, na reli ikauzunguka mkwaju kama mtu anayepita kando ya mkeka wa watu wanaosali. Ikaishia papo hapo, mlango wa mamangu unaonekana kwa mbali. Na kwa kuwa kipindo kilikuwa ndani ya kipande cha pili, aliyepewa kazi ya kukijenga ni mwamu wangu. Mimi nilinyoosha, nikaambiwa mzuri sana. Yeye alipinda, akalipwa tena. Ile fedha iliyotakiwa kufika sokoni iliingia mfukoni mwa mtu aliyeziba njia, na serikali ikaiandika kuwa imetumika vizuri, bila kuzidi hata senti.

Kama ingeishia hapo ningesahau. Lakini toroli haiwezi kukimbia kwenye kipindo. Waliosukuma walipunguza mwendo pale, na watu wakaanza kushukia pale, kisha kupandia pale. Wenye mihogo wakaweka mihogo. Mwenye chai akaweka chai. Na asubuhi moja nilipokwenda kumjulia hali mama barazani kwake sikumkuta. Nilimkuta njia panda, kando ya lundo, karai lake la mafuta liko motoni, samaki wanalia, na mistari ya wateja kutoka Kikoneni. Alikuwa amepanda toroli kutoka ufuoni na kapu lake, akashuka kwenye kipindo, akaona hapana haja ya kwenda mbali zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri, nipepelee moto." Kisha akasema, na hakukusudia kuniumiza, "Mkwe wangu alipaona mahali."

Nilimpepelea moto. Niliwatazama waliokuwa wakila. Hakuna hata mmoja aliyejua ni nani aliyejenga kipande cha chini, kile ambacho toroli ilikuwa ikipita bila kuruka, kwa sababu mtu hatambui njia isiyomtikisa. Wote walikijua kipindo, kwa kuwa hapo kila mtu alimwegemea mwenziwe akacheka.

Miaka imepita. Barabara ililetwa, malori yakaja, mengine yangu, na toroli haikuwa na kazi tena. Vyuma viling'olewa; vingine ni nguzo za mabanda ya ng'ombe hadi leo. Mamangu, Mungu amrehemu, aliuza samaki pale hadi mwisho, na sasa dada yangu ndiye mwenye karai. Kipande changu kilichonyooka kiko chini ya barabara. Nikisimama juu yake nikamwambia mtu kwamba hapa chini iko kokoto yangu, iliyopimwa kwa sanduku, pembe nne, mtu huyo hutazama chini kwa adabu na kuuliza iko wapi.

Lundo la mwamu lipo. Kila mwaka kabla ya Maulidi hupakwa chokaa upya, na yeye, sasa mvi tupu, huja na saa yake kusimamia. Hapokei sifa yoyote, nasema haki. Akiulizwa amelala nani, husema Mungu ndiye ajuaye. Mwaka huu alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye gunia la saruji.

"Mwamu, chokaa ya mwaka huu itoke kwako."

"Kwa nini kwangu?"

"Kwa sababu nyeupe kuliko yako haipo pwani nzima. Kila mtu anajua."

Hilo ni kweli, kwa hiyo nikampa, magunia mawili ya ile bora, na nikaenda mwenyewe kuhakikisha wanaikoroga vizuri. Vijana walikuwa wakipaka ovyo ovyo. Nikawaambia, maadamu wanapaka, wanyooshe na ukingo kidogo, waupe pembe, uonekane umefanywa na fundi. Kijana mmoja wa Kikoneni akanitazama akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni, "Mzee, kaburi la mtu mwema halipigwi pembe."

Mwamu wangu alikuwa amesimama nyuma yake. Alitazama saa yake kwa muda mrefu sana.